Chagua Bote kwa Akili: Miguu Mikavu katika Baridi ya Milimani

Ndugu msomaji, wewe unayelima viazi katika milima ya Lubero, au unayechunga ng'ombe juu ya vilima vya Masisi, au unayebeba mizigo katika njia za Ruwenzori, maneno haya ni yako. Watu wengi hufikiri kwamba baridi ni adui wa kifua tu. Hufunika kifua kwa koti na kichwa kwa kofia, lakini miguu huiacha ndani ya tope tangu asubuhi mpaka jioni. Tazama, miguu ndiyo iliyo mbali na moyo, na ndiyo iliyo karibu na maji. Baridi huishika hiyo kwanza.

BARIDI HUFANYA NINI NDANI YA MGUU?

Jua ya kuwa ukipanda metre 1,000, joto la hewa hupungua karibu digri 6. Ndiyo sababu kilele cha Margherita, katika Ruwenzori, kina barafu, ingawa kiko karibu sana na ikweta. Urefu wake ni metre 5,109.

Mwili ukisikia baridi, hufunga njia ndogo za damu za miguuni ili joto libaki katika moyo na tumbo. Kwa saa moja hakuna hasara. Lakini mguu ukikaa katika baridi na maji mchana kutwa, na kesho tena, damu haifiki vizuri. Nyama ya mguu hukosa chakula chake, na mishipa ya fahamu huharibika. Wala si lazima kuwe na barafu. Hata baridi ya digri 10 inatosha, kama mguu umelowa kwa muda mrefu.

Katika vita ya 1914 mpaka 1918, askari maelfu kule Ulaya walisimama siku nyingi katika mashimo yenye maji na tope. Miguu yao ilivimba, ikatoka malengelenge, na wengine walikatwa vidole au mguu mzima. Basi wakubwa wa jeshi waliagiza kila askari avue viatu, akaushe miguu, abadili shoseti, na kutazama miguu ya mwenzake. Wagonjwa wakapungua sana. Angalia neno hili: viatu peke yake havikuwaponya. Kukausha miguu ndiko kulikosaidia.

NAMNA YA KUCHAGUA BOTE

1. Tazama kitu kilichotumiwa. Kwa tope na mabwawa, bote ya mpira inapita ya ngozi. Upande wa Uganda, katika bwawa la Bigo na bonde la Bujuku, viongozi wa wapanda-mlima huvaa bote za mpira. Wakifika penye barafu ndipo hubadili viatu. Lakini si kila bote nyeusi ya sokoni ni mpira. Nyingine ni plastiki. Ikunje kwa mikono penye vidole. Mpira mzuri hukunjika na kurudi upesi bila alama. Plastiki nyingi hukakamaa katika baridi, na baada ya kukunjwa kila siku hupasuka. Waza watu wawili: mmoja ananunua bote rahisi mara tatu, mwingine ananunua nzuri mara moja. Ni nani aliyetoa franka nyingi? Tena, ni nani aliyekaa siku nyingi na maji ndani ya bote iliyopasuka?

2. Tazama unyayo. Meno yake yawe marefu na yaachane, ili tope lianguke. Kisigino kiwe na ukingo wa kushika ardhi unaposhuka. Kagua kwa kidole mahali ambapo unyayo umeshikana na bote. Hapo ndipo maji huingia kwanza.

3. Pima kwa mguu wako, si kwa namba tu. Nenda sokoni jioni, kwa maana miguu huvimba kidogo baada ya kazi. Chukua shoseti zile utakazovaa milimani. Vaa bote zote mbili, utembee. Mbele ya vidole pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na vidole viweze kucheza. Kisigino kisipande sana ndani. Wengine huvaa shoseti mbili ndani ya bote nyembamba wakitafuta joto. Wanakosa. Bote inayobana huzuia damu, na mguu huwa baridi zaidi.

4. Ijaribu kwa maji. Ukifika nyumbani, tia karatasi kavu ndani, kisha ishindilie bote katika beseni la maji mpaka karibu na mdomo wake. Ngoja kidogo. Karatasi ikilowa, irudishe kwa mwenye duka kabla hujaivaa shambani.

5. Usisahau shoseti. Mpira mtupu hauna joto. Joto linakaa katika shoseti na hewa iliyo ndani yake. Shoseti ya pamba ikilowa hushikamana na mguu na kuupoza. Ya sufu ni bora, kwa sababu hata ikilowa inabaki na joto kidogo. Unaweza pia kukata kipande cha blanketi kuukuu la sufu kwa umbo la mguu, ukilaze chini ndani ya bote. Kitoe kila jioni kikauke.

BOTE HUZUIA MAJI PANDE ZOTE MBILI

Neno hili wengi hawalijui. Bote isiyopitisha maji ya nje haipitishi jasho la ndani pia. Mtu anaweza kutoka shambani bila tone la mvua ndani, na bado miguu yake imelowa. Kwa hiyo chukua shoseti kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Saa sita vua bote, futa miguu, badili. Usiku usilale na bote.

Jioni zioshe tope, jaza karatasi za gazeti ndani, na uzibadili zikilowa. Ziweke mbali na moto na jua kali, kwa maana hivyo huharibu mpira. Mafuta ya gari na petroli huuharibu vilevile.

WENYE MIGUU ISIYOSIKIA

Ikiwa ukoma au ugonjwa wa sukari umepunguza kusikia kwa miguu yako, uwe na uangalifu mara mbili. Bote inaweza kukukata nawe usijue. Kabla ya kuvaa, tia mkono ndani utafute jiwe au msumari. Kila jioni tazama miguu kwa macho, hata nyayo. Kama huoni vizuri, mwite mtoto wako akutazamie.

MGUU UKIPATIKANA NA BARIDI

Dalili ni hizi: mguu unakufa ganzi na kuwa mweupe au wenye madoa. Ukipata joto, huwa mwekundu, huvimba, huchoma kama moto. Vua bote na shoseti. Osha miguu polepole, uikaushe bila kusugua. Lala, inua miguu, jifunike blanketi kavu, unywe chai ya moto. Usivute tumbaku, kwa sababu hufunga njia za damu. Usitoboe malengelenge. Wala usiweke mguu penye moto au katika maji ya moto: mguu usiosikia huungua bila mwenyewe kujua. Kisha uchukuliwe dispansere au hospitali siku ileile, usingoje mpaka nyama iwe nyeusi.

Ndugu, jembe likivunjika utanunua lingine. Mguu haununuliwi. Leo jioni, kabla ya kulala, geuza bote zako chini juu, uone kama kuna maji yatakayotoka.