Ukiandika µg, hakikisha haitasomeka mg

Kuna alama moja ndogo ambayo sisi wanachuo wa famasia, uuguzi, kemia na uhandisi tunaiandika kila wiki, lakini wachache wanajua kompyuta inaionaje. Ni µ, ile herufi ya Kigiriki tunayoiita "myu". Ikikaa mbele ya kipimo, maana yake ni sehemu moja ya milioni. Mikrogramu moja (µg) ni gramu iliyogawanywa kwa milioni. Miligramu moja (mg) ni gramu iliyogawanywa kwa elfu. Kwa hiyo kati ya µg na mg kuna tofauti ya mara 1,000.

Tuone inavyouma. Shirika la Afya Duniani linashauri madini ya risasi kwenye maji ya kunywa yasizidi 10 µg kwa lita. Ripoti yako ikitoka na 10 mg, umehalalisha risasi mara elfu zaidi. Au chukua misoprostol, dawa inayotumika kuzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua. Kidonge chake kimoja huwa na 200 µg. Anayesoma 200 mg anasoma vidonge 1,000.

Mimi huwa nawasomea wenzangu ripoti za fildi kabla hazijaenda kwa supavaiza, na jambo hili nakutana nalo sana. Kwenye laptop ya mwenye ripoti alama iko sawa. Akipeleka faili steshenari kuprinti, inatoka m, au kisanduku kitupu, au haitoki kabisa. Lawama zote anabebeshwa yule dada wa steshenari na printa yake. Wala hawahusiki.

Iko hivi: kompyuta haihifadhi picha ya herufi, inahifadhi namba. Herufi m ni namba 109, na alama µ ni namba 181. Fonti ni nguo tu. Ndiyo inayoamua namba fulani ionekane kwa sura gani. Sasa kuna fonti ya zamani inaitwa Symbol, ambayo ndani yake namba 109 imechorwa kama myu. Mtu akiandika m kisha akabadili fonti kuwa Symbol, anaona myu, anaridhika, anaendelea. Lakini kilichomo kwenye faili bado ni m, ila amevishwa joho la myu. Faili likifika kwenye mashine isiyo na fonti hiyo, au ukikopi maneno na kuyapesti WhatsApp, joho linavuka na m anabaki alivyo.

Dawa yake ni kuandika alama yenyewe, siyo sura yake. Kwenye Windows, shikilia Alt, bonyeza 0181 kwenye vitufe vya namba vya pembeni, kisha achia. Laptop yako haina vitufe hivyo? Ukiwa ndani ya Word, andika 00B5 halafu bonyeza Alt na X kwa pamoja. Kwenye Mac ni Option na M. Ukitaka kuhakiki faili la zamani, kopi sentensi yenye alama uipesti kwenye Notepad. Notepad haibebi fonti ya Word, kwa hiyo ukweli utauona pale pale.

Kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni herufi kubwa. Kubwa ya myu ya Kigiriki ina sura ileile ya M yetu. Programu ikigeuza kichwa cha jedwali kuwa herufi kubwa, "µg" inaweza kuwa "ΜG", na msomaji hana namna ya kujua. Vipimo viache vilivyo, usivikuze.

Wa pili unawahusu wanaochakata data. Unicode, mfumo unaoipa kila herufi duniani namba yake, una myu mbili: alama ya kipimo yenye namba 181, iliyorithiwa kutoka mifumo ya zamani, na herufi halisi ya Kigiriki yenye namba 956. Kwa macho ni pacha. Kwa Python au R ni vitu viwili tofauti. Sampuli nusu zikiandikwa kwa hii na nusu kwa ile, utapata makundi mawili ya kipimo kimoja, na utakesha ukitafuta kosa lisiloonekana. Chagua moja, itumie mwanzo hadi mwisho wa data yako. Unicode wenyewe wanapendelea ile ya Kigiriki.

Na kwa wenzangu wa afya: kwenye dozi, hata alama iliyoandikwa sawasawa haitoshi. Mwandiko wa haraka au karatasi iliyofifia inaweza kuifanya µ isomeke m. Ndiyo maana taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa dawa, ISMP, imeiweka µg kwenye orodha ya vifupisho vya kuepukwa na kushauri iandikwe mcg. Mimi naona kuandika "mikrogramu" kwa kirefu ni salama zaidi. Ni herufi chache tu zinaongezeka, na hakuna fonti wala printa inayoweza kuzigeuza kuwa miligramu.