Kona ikimshinda dereva, nani amesimama pale?

Mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda yanapofika hapa Rusizi, wanafunzi wangu hujipanga kando ya barabara, vidole vya miguu vikiwa juu ya lami. Polisi huwarudisha nyuma, nao husogea tena. Tumezoea.

Gari la mashindano ni jambo jingine. Desemba 2024, Kigali ilipopokea mkutano mkuu wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) na Rais Paul Kagame akatangaza kuwa Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1, darasa zima liliniuliza: "Mwalimu, na huku Kamembe yatakuja lini?" Niliwapa hesabu. Gari la kilomita 160 kwa saa hupita mita 44 kwa sekunde moja. Mtoto hajamaliza kupiga kelele, limeshamfikia.

Mimi nilisomea uhamishoni, Kenya, enzi zile Safari Rally ilipopita katika barabara zisizofungwa, helikopta ikitangulia kuwaangalizia madereva ng'ombe na matatu. Sisi watoto tulisimama kwenye kona, upande wa nje, maana hapo ndipo utamu ulipokuwa. Hakuna mtu mzima aliyetuambia kwamba gari likishindwa kukata kona hutokea upande huo huo. Tuliponea bahati.

Wengi hudhani onyesho halina hatari kwa kuwa si mashindano. Kanuni za FIA hazikubali hivyo. Katika onyesho ni marufuku kupima muda, kurudi nyuma, au kulipita gari la mwenzako bila ishara ya waongozaji. Magari yakizidi 5, gari la usalama hutangulia. Waokoaji lazima wawepo, na watazamaji wakae mahali walipotengewa.

Mjini Haaksbergen, Uholanzi, Septemba 2014, gari la magurudumu makubwa lilikuwa likionyeshwa tu. Liliwaparamia watazamaji, watu 3 wakafa. Uchunguzi haukumgusa dereva peke yake. Manispaa iliyotoa kibali nayo ililaumiwa.

Barabara yetu ya kuteremka kutoka Kamembe hadi mpakani ina mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Siku mtu akiomba kibali cha onyesho hapa, nitataka kuona ramani ya watazamaji kabla ya orodha ya magari.

Juzi nilichora kona ubaoni nikawauliza wanafunzi wangesimama wapi. Karibu wote walionyesha upande wa nje.