Gemu za Zamani Kwenye Televisheni Mpya: Kwa Nini Picha Huharibika na Namna ya Kuitengeneza



Makala haya yanajibu swali ambalo vijana wa madarasa ya juu huliuliza kila likizo inapokaribia. Mashine ya gemu ya baba au ya kaka mkubwa, ambayo miaka ile ilitoa picha safi, mbona leo ikiunganishwa na televisheni mpya picha inakuwa na ukungu, watu wanakuwa wanene, rangi zinavuja, na mchezaji anabonyeza kitufe lakini mtu wake anachelewa kuruka? Wengi huamua kwamba mashine imekufa. Wengine huipeleka kwa fundi, wakalipa, ikarudi vilevile. Wengine huitupa jalalani. Ukweli ni kwamba mara nyingi mashine haina kosa lolote. Mashine na televisheni hazizungumzi lugha moja, na baina yao hakuna mkalimani mzuri. Ukilifahamu hilo utajua pesa yako uiweke wapi, na mara nyingine hutatoa hata senti moja. (Suala la mtoto acheze saa ngapi ni la wazazi nyumbani, nami siliingilii hapa.)

Televisheni ya chogo ilivyochora picha

Televisheni za zamani, zile tunazoziita za chogo, zilikuwa na tyubu kubwa ya kioo. Kutoka nyuma ya tyubu mwali wa elektroni ulirushwa mbele kwenye kioo, na pale ulipogonga kioo kiliwaka. Mwali huo ulikwenda mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini, mfano wa mwalimu anayejaza ubao, ila huyu alianzia kushoto, si kulia kama tunavyoandika Kiarabu.

Nchi zetu za Afrika Mashariki, pamoja na Oman, zilifuata mfumo uitwao PAL, wenye mistari 625 na nusu-picha 50 kwa sekunde. Japani na Marekani zilifuata NTSC, yenye mistari 525 na nusu-picha 60. Nimesema nusu-picha kwa sababu televisheni haikuchora mistari yote kwa mara moja. Ilichora kwanza mistari ya witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea, kisha ikarudi juu ikachora ya shufwa, 2, 4, 6. Jicho likaziunganisha mbili kuwa picha moja.

Sasa sikilizeni ujanja wa watengenezaji wa gemu. Famicom ya Nintendo (1983), Mega Drive ya Sega (1988), Super Famicom (1990), na gemu nyingi za PlayStation ya kwanza ya Sony (1994), hazikutumia utaratibu huo wa witiri na shufwa. Ziliiamuru televisheni ichore mistari ile ile kila mara, takriban 240, na kila mzunguko ukawa picha kamili. Mafundi huiita ishara hiyo 240p. Kwenye kioo cha chogo matokeo yalikuwa mazuri sana: picha ilitulia bila kutetemeka, na baina ya mstari na mstari kukabaki uwazi mwembamba mweusi uliolainisha umbo la vitu. Famicom nzima ilikuwa na nukta 256 kwa 240, yaani 61,440 tu. Televisheni ya leo ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Basi msishangae kwamba picha ndogo kiasi hicho, ikitandazwa juu ya kioo kikubwa kiasi hicho, inaonyesha kila kasoro.

Wachoraji wa gemu walikijua kioo chao na walichora kwa kukitegemea. Katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, maporomoko ya maji yamechorwa kwa mistari ya wima, mmoja wa maji na mmoja mtupu. Waya wa kawaida wa AV uliichanganya mistari ile, na maji yakaonekana kama yanapitisha mwanga. Yatazame leo kwa waya safi kabisa utaona kitu kama uzio wa mabati. Kwa hiyo picha kali zaidi si lazima iwe ndiyo picha aliyoikusudia mchoraji, na wauzaji wa vifaa huwa hawalisemi hilo.

Televisheni bapa inakosea wapi?

Televisheni bapa haina mwali. Ina nukta zilizopangwa mahali pamoja daima, na kila picha inayoingia lazima ipimwe upya ili ijae kwenye nukta hizo. Hapo ndipo makosa yanapoingia.

La kwanza ni kudhani. Ikipokea 240p, televisheni nyingi hudhani zimepokea nusu-picha, basi huchukua picha mbili zinazofuatana zikazisuka pamoja kama witiri na shufwa. Kumbe zile zilikuwa picha mbili kamili, za nyakati mbili tofauti! Kinachotokea ni kwamba vitu vinavyokwenda mbio vinaota meno kama kitana. Ubaya zaidi uko kwenye vitu vinavyomemeteka. Katika gemu nyingi za zamani, mchezaji akigongwa na adui huonekana picha moja na kupotea picha inayofuata, na vivuli chini ya miguu vilifanywa hivyo hivyo. Televisheni ikisuka vibaya, mtu wako hupotea kabisa au hubaki mistari mistari, nawe unadhani kaseti imeharibika.

La pili ni kunyoosha. Gemu hizo zilichorwa kwa kioo cha 4 kwa 3, na televisheni ya leo ni 16 kwa 9. Ikijaza kioo chote, kila kitu hupanuka kwa theluthi moja: mpira unakuwa yai na Mario anakuwa na kitambi. Dawa yake ni rimoti peke yake. Tafuta mahali pa kubadilisha ukubwa wa picha, chagua 4:3. Kwenye kioo cha 1920 kwa 1080 picha itachukua upana wa nukta 1440, na pembeni patabaki nafasi nyeusi kulia na kushoto. Kuna watu nyumbani hawazipendi nafasi hizo, huona kama wamedhulumiwa kipande cha televisheni waliyoilipia. Wavumilieni, lakini msiwafuate.

La tatu, na ndilo linaloumiza wachezaji, ni kuchelewa. Televisheni mpya haionyeshi picha ikifika tu. Huishika kwanza, ikaisafisha, ikaipaka rangi, ikailainisha, ndipo ikaitoa. Picha moja ya NTSC hudumu takriban milisekunde 17, na ya PAL milisekunde 20. Televisheni ikichelewa milisekunde 100, basi mchezaji wa NTSC anatazama mambo ya picha sita zilizopita. Kwenye filamu hutalitambua, kwa kuwa sauti huchelewa pamoja na picha. Kwenye gemu umeshatumbukia shimoni. Kabla ya kumcheka mdogo wako kwamba mikono yake mizito, ingia kwenye menyu ya televisheni, kwenye aina za picha, uchague ile iliyoandikwa Game. Hiyo huiamuru televisheni iache mapambo yake mengi. Yaliyobaki yazime mwenyewe: kulainisha mwendo, kuondoa chembechembe, na ule ukali wa picha ambao huchora kivuli cheupe pembeni ya kila kitu.

Haya mawili, 4:3 na Game, hayana gharama, na huondoa sehemu kubwa ya malalamiko. Anza nayo kabla ya kununua chochote.

Habari ya waya

Mashine moja inaweza kutoa picha mbili tofauti kabisa kwa sababu ya waya tu. Waya dhaifu kuliko zote ni ule wa antena, ambao mashine hujifanya kituo cha televisheni na wewe unaitafuta kama chaneli. Hiyo ni ishara ya analojia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilizima mwaka 2015. Ukiwa na televisheni iliyotengenezwa kupokea dijitali peke yake haitaiona mashine hata ukitafuta chaneli kutwa nzima.

Unaofuata ni waya wa AV wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Nyekundu na nyeupe ni sauti. Picha yote, mwanga wake na rangi zake, imebanwa ndani ya ule wa njano peke yake. Televisheni inatakiwa itenganishe tena kilichochanganywa, na haiwezi kukitenganisha chote. Ndiyo maana nyekundu huvuja nje ya mpaka wake, na kwenye kingo za maandishi utaona nukta zinazotambaa kama sisimizi. Waya wa S-Video hutenga mwanga na rangi katika njia mbili, na tofauti yake huonekana mara moja. Juu zaidi ni RGB, ambamo nyekundu, kijani na buluu kila moja hupita njia yake. Ulaya ilipitia kwenye soketi pana iitwayo SCART. Mega Drive na PlayStation zinaitoa RGB zenyewe bila kufunguliwa. Famicom ya kawaida haitoi, na ukimwona muuzaji anakuuzia waya wa RGB wa Famicom isiyofanyiwa marekebisho ndani, mwachie waya wake.

Wenye PlayStation 2 (2000) wana nafasi nzuri zaidi, maana mashine hiyo hutoa picha kwa waya wa komponenti wenye vichwa vya kijani, buluu na nyekundu, na televisheni nyingi za miaka iliyopita zina matundu yake. Tahadhari mbili. Waya huo una vichwa vyekundu viwili, kimoja cha picha na kimoja cha sauti, usivichanganye. Pili, kabla ya kuchomoa waya wa zamani ingia kwenye menyu ya mashine yenyewe, kwenye mipangilio, ubadilishe kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr. Usipofanya hivyo rangi zitakuja za ajabu, utadhani waya ni mbovu.

Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Japani ina jambo lake. Kule umeme ni volti 100, na kwetu ni 230 au 240. Soma maandishi ya nyuma ya mashine au ya chaja yake kabla ya kuchomeka. Ikiwa imeandikwa 100 peke yake, inataka transfoma ya kushusha umeme. Bila hiyo itaungua, na hapo ndipo fundi atahitajika kweli. Kwa upande mwingine, aliyezoea mashine za PAL ajue kwamba gemu nyingi zilizotungwa kwa mwendo wa 60 zilichezeshwa kwa 50, zikawa nzito kwa takriban asilimia 17, tena zikiwa na utepe mweusi juu na chini. Utepe huo si kosa la televisheni.

Visanduku vya kubadilisha

Madukani kuna visanduku vidogo vya bei nafuu, unaingiza AV na kutoa HDMI. Kama televisheni yako haina tundu la AV kabisa, kinunue, utacheza. Lakini usitarajie uzuri: hurudia makosa yale yale ya kudhani nusu-picha na kunyoosha, na huongeza kuchelewa juu ya kuchelewa. Kama televisheni inalo tundu la AV, kisanduku hicho hakikuongezei kitu. Angalia vilevile nyuma ya televisheni kama kuna tundu dogo la duara lililoandikwa AV, kwani baadhi ya televisheni hutumia waya wa kuunganishia badala ya matundu matatu.

Vipo vifaa vya wajuzi, vinavyoitambua 240p kama ilivyo. Kimoja ni OSSC, ambacho hakishiki picha nzima bali huuchukua mstari unapofika na kuurudia mara mbili, tatu, hadi tano, kwa hiyo hakicheleweshi kwa kiasi cha kuonekana. Ubaya wake ni kuwa baadhi ya televisheni hukataa ishara yake. Kingine ni RetroTINK. Ile ya 4K, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 750, hufanya hesabu nzuri: 240 mara 9 ni 2160, ambayo ndiyo idadi kamili ya mistari ya televisheni ya 4K, kwa hiyo kila mstari wa gemu unapata mistari tisa sawasawa. Kwenye televisheni ya 1080, 240 inaingia mara nne na nusu, na ile nusu ndiyo inayofanya mistari mingine iwe minene kuliko mingine. Hesabu ni nzuri, lakini dola 750 simshauri mzazi yeyote azitoe kwa ajili ya mashine ya mwaka 1990.

Kwa maoni yangu, mwenye televisheni ya chogo inayofanya kazi stoo asiitupe. Haikisii, hainyooshi, na haicheleweshi. Tena ndiyo peke yake inayoweza kuchezesha ile gemu ya kuwinda bata, Duck Hunt ya mwaka 1984, kwa bunduki yake ya asili. Bunduki ile hairushi kitu, inatazama. Ukifyatua, kioo kizima huwa cheusi kwa kitambo kidogo, kisha hutokea mraba mweupe pale alipo bata. Bunduki ikiuona mwanga wa mwali katika wakati ule ule, umepata. Televisheni bapa huuleta mraba umechelewa na mwanga wake si wa mwali, kwa hiyo utakosa hata ukiigusisha bunduki kwenye kioo, na visanduku nilivyovitaja haviliponyi hilo.

Ila vijana, msiifungue televisheni ya chogo kwa hali yoyote. Ndani ya tyubu yake hupita umeme wa volti zaidi ya 20,000, na huweza kubaki humo hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ikiwa inatakiwa kuhamishwa, ibebeni watu wazima wawili, kioo kikielekea kifuani, kwa sababu karibu uzito wake wote uko mbele.