Mshikamano wa Seli na Uimara wa Tishu

Aghalabu mwili wa binadamu hufananishwa na ukuta: seli ndizo matofali, na kilicho baina yake ni saruji au gundi. Mfano huo humfaa anayeanza kusoma biolojia, lakini unapotosha pale pale ambapo jambo lenyewe ni zito. Saruji ikishakauka haichagui tofali la kushika, haihisi ukuta unaposukumwa, wala haijiongezei nguvu ili kuukabili msukumo huo. Protini zinazozishikanisha seli hufanya yote matatu. Kwa hiyo, swali la kwa nini tishu moja ni laini na nyingine ngumu, au kwa nini ngozi huvutika bila kuchanika, haliwezi kujibiwa kwa kuichunguza seli moja moja. Sehemu kubwa ya jibu imo mipakani, pale seli inapokutana na jirani yake.

Uteuzi ndio uliotambuliwa kwanza. Mnamo mwaka wa 1907, mwanabiolojia wa Kimarekani H. V. Wilson alimkamua sifongo wa baharini kupitia kitambaa chembamba cha hariri hadi akatawanyika kuwa seli moja moja. Seli hizo hazikufa. Zilitambaa, zikakutana, zikaunda sifongo upya. Mwaka wa 1955, Townes na Holtfreter walizichanganya seli za viinitete vya amfibia: zile ambazo zingekuwa ngozi na zile ambazo zingekuwa mfumo wa neva. Baada ya muda, mchanganyiko huo ulijipanga wenyewe. Seli za ngozi zilikaa nje na za neva zikakaa ndani, kama zinavyokaa katika kiinitete chenyewe.

Ni nini kilichozielekeza? Nchini Japani, Masatoshi Takeichi alibainisha kuwa seli nyingi hushikana kwa protini zinazohitaji kalsiamu. Kalsiamu ikiondolewa, protini hizo hulegea na seli huachana. Akaziita kadherini. Zipo za aina nyingi, na kwa kawaida kadherini ya seli moja hupendelea kushikana na ya aina yake iliyo katika seli ya pili.

Mwanafunzi wa sarufi atatambua kuwa Kiswahili kina kitenzi kinachoubeba uhusiano huu vyema kuliko mfano wa gundi. Gundi hunata popote, hata penye vumbi. Kadherini hushikamana. Katika kitenzi hicho mna mzizi -shik-, kiambishi -am- cha kauli ya kutendama kinachoashiria hali ya kudumu, na kiambishi -an- cha kauli ya kutendana kinachodai washiriki wanaotendeana jambo lile lile. Kinachokosekana katika kitenzi, na ambacho lazima kielezwe kando, ni yale yanayotendeka ndani ya kila mshiriki.

Kila kadherini hupenya utando wa seli. Sehemu yake ya nje humshika jirani, ilhali mkia wake wa ndani hufungwa kwenye nyuzi za aktini kupitia protini ziitwazo katenini. Nyuzi hizo nazo huvutwa na miosini, jamaa ya ile inayokunja misuli. Matokeo yake ni kuwa seli za tishu zimo katika mvutano usiokoma, mithili ya kundi la watu walioshikana mikono na kuegemea nyuma: mmoja akivutwa, hata walio mbali huhisi.

Katika miaka ya 1960, Malcolm Steinberg alipendekeza kuwa tishu huwa kama vimiminiko vyenye mvutano wa uso, na kwamba seli zinazoshikana kwa nguvu zaidi huingia ndani na kuzingirwa na zile zinazoshikana kwa ulegevu, kama maji na mafuta yanavyojitenga. Mwaka wa 1994 yeye na Takeichi walilijaribu wazo hilo kwa seli zenye kadherini ya aina moja lakini kwa viwango tofauti. Zilizokuwa nayo kwa wingi zilikaa ndani, kama ilivyotabiriwa. Utabiri ulisimama, ila maelezo yake yamelazimika kurekebishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012 kuhusu viinitete vya samaki wadogo wenye milia ulionyesha kuwa umbo la mpaka baina ya seli hutegemea zaidi mvutano wa nyuzi za aktini kuliko nguvu ya mshiko wenyewe. Kazi kubwa ya kadherini hapo ni kuziunganisha nyuzi za seli moja na za nyingine ili mvutano huo uweze kupita.

Uwezo wa kuhisi ndio unaostaajabisha zaidi. Mwaka wa 2010, Yonemura na wenzake walieleza jinsi alfa-katenini, mojawapo ya katenini zilizotajwa, inavyofanya kazi. Ikiwa haivutwi, hujikunja na kuificha sehemu yake moja. Ikivutwa, hukunjuka, sehemu ile hufichuka, na protini nyingine iitwayo vinkulini huja kujishika hapo na kuleta nyuzi zaidi za aktini. Kiungo hicho basi ni kama fundo linalojikaza kamba inapovutwa.

Katika ngozi, kazi ya kustahimili msuguano hubebwa zaidi na viungo vya aina nyingine, yaani desmosomu. Baadhi ya kadherini zake huitwa desmogleini, na kwa ndani hufungwa kwenye nyuzi ngumu za keratini. Umuhimu wake hudhihirika katika ugonjwa wa pemfigasi. Mwaka wa 1991, Amagai na wenzake walionyesha kuwa kingamwili za wagonjwa hao huishambulia kadherini, ambayo leo hujulikana kama desmogleini ya 3. Malengelenge huzuka kinywani na mwilini. Ngozi ikisuguliwa kidogo tu, tabaka la juu huteleza na kuachana na la chini. Seli zenyewe hazijapasuka. Chini ya hadubini, zile za safu ya mwisho huonekana zimesimama wima, kwa kuwa zimeshikwa chini na protini za jamii nyingine, integrini, ambazo hazikushambuliwa. Kabla ya dawa za steroidi kuanza kutumiwa katika miaka ya 1950, wengi wa wagonjwa hao walifariki.

Kisa cha kisiwa cha Naxos, nchini Ugiriki, kina mafunzo zaidi, kwani kinaviunganisha viungo vya mwili ambavyo hakuna ambaye angevidhania kuwa na uhusiano. Mwaka wa 1986, madaktari walieleza kuhusu familia za huko ambazo baadhi ya watoto wake huzaliwa na nywele za kipilipili zisizo za kawaida kwao. Viganja na nyayo zao huwa nene mara wanapoanza kutambaa na kutembea, na wafikapo ujana mapigo ya moyo huvurugika. Mwaka wa 2000 chanzo kilijulikana: kasoro katika jeni ya plakoglobini, protini inayozifunga kadherini za desmosomu kwenye nyuzi za ndani. Kasoro hiyo imo katika kila seli ya mtoto, lakini hudhihirika zaidi pale mvuto na msuguano ulipo mkubwa: viganjani, nyayoni na moyoni, ambako seli huvutwa takriban mara 100,000 kwa siku. Seli za moyo huachana na kufa, na mahali pake huchukuliwa na mafuta na makovu yasiyopitisha umeme ipasavyo. Tabibu hawezi kuurejesha mshiko uliopotea. Anachoweza ni kupandikiza kifaa kinachoushtua moyo unapokwenda mrama, na kumkataza kijana michezo ya ushindani, kwa sababu kila zoezi kali huzidisha mvuto kwenye viungo vilivyokwisha kulegea.