MATEMBEZI YA BAGI MASHAMBA: YAWAPASAYO MWENYEJI NA MGENI

Miongoni mwa matembezi yanayopendwa na wageni wanaozuru kisiwa cha Unguja ni yale ya kuendesha bagi katika njia za mashamba. Kwa kuwa njia hizo ndizo wanazopita watoto wa skuli, wakulima na akina mama wa mwani, ni vyema jambo hili lieleweke kwa pande zote mbili.

Chombo chenyewe

Bagi ni kigari kilicho wazi, chenye viti vilivyozungukwa na kizimba cha vyuma. Magurudumu yake ni mapana, nayo hayajazwi upepo mwingi ili yapate kushika vyema mchanga na mawe. Kwa kawaida gia hujibadilisha zenyewe. Dereva hushughulika na usukani, mafuta na breki tu. Wepesi huo ndio unaomdanganya asiyezoea. Kigari kikikatishwa kona ghafla hali ya kuwa kina kasi, au gurudumu la upande mmoja likipanda jiwe, huweza kupinduka. Hapo mkanda na kizimba ndivyo vinavyomhifadhi aliyemo, maadamu mikono yake imebaki ndani. Anayetoa mkono nje ili ajizuie ndiye aliye hatarini zaidi, kwani chuma huweza kumwangukia.

Mwendo wa msafara

Kabla ya kuondoka, yampasa kiongozi wa msafara akague breki, magurudumu na mikanda, awavishe wageni kofia ngumu na miwani ya vumbi, kisha awazungushe mahali pa wazi mpaka ahakikishe kuwa kila dereva anajua kusimamisha chombo chake. Kiongozi hutangulia, na msaidizi wake hufuata nyuma ya wote. Hapana kupitana. Wakati wa kiangazi vumbi huziba macho, hivyo kila kigari hukaa mbali na kile cha mbele yake. Wakati wa masika maji hufunika mashimo, na dimbwi lisilojulikana kina chake haliingiwi.

Ndani ya kijiji mwendo ni wa mtu atembeaye kwa miguu. Penye msiba au swala ya jamaa, vigari huzuiwa mbali ili mngurumo usiwabughudhi watu. Nguo za ufukweni hazifai kupita nazo vijijini, wala mtu hapigwi picha bila ya ridhaa yake. Hali kadhalika, watoto wasitupiwe peremende wala fedha kutoka katika kigari kinachokwenda. Mtoto aliyezoea hivyo hukimbilia magurudumu siku nyingine.

Ardhi na viumbe

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni ardhi ya mawe ya matumbawe. Udongo wake ni mchache, nao umo baina ya mawe, na humo ndimo mkulima anamopanda. Gurudumu likiacha njia, huharibu kwa dakika moja kazi ya msimu mzima. Aidha, mawe hayo yana nyufa na mapango yenye maji ya kunywa. Mafuta yakimwagika juu hupenya upesi hadi chini, na kisima kikiharibika hakitengenezeki kwa siku mbili.

Ufukweni nako kuna ya kuzingatiwa. Kasa hutaga mayai yake mchangani, juu ya mahali yanapofika maji makuu, na mayai hayo hukaa takriban miezi miwili kabla ya kuanguliwa. Gurudumu likipita juu yake hushindilia mchanga, na alama zake huwa kama handaki kwa vitoto vinavyojitahidi kuifikia bahari. Vile vile, kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara katika vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989, ni riziki ya wanawake wengi. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, hukatiza ufukwe wakiwa na mizigo kichwani, na mwani wao huanikwa karibu na pwani. Kwa sababu hizo, pwani si uwanja wa kushindania mbio.

Somo limekwisha kupatikana Jozani. Katika miaka ya 1990, kima punju wengi, mnyama asiyepatikana mahali pengine duniani ila Zanzibar, waliuawa na magari katika barabara ipitayo kando ya msitu huo. Yalipowekwa matuta na mwendo ukapungua, vifo navyo vilipungua. Hakuna aliyezuiwa kusafiri. Kilichopunguzwa ni kasi tu.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye kampuni asimpe usukani mtu asiye na leseni, wala aliyelewa, wala mtoto. Mgeni naye aulize mapema iwapo bima yake inahusu matembezi ya namna hii. Mwananchi akiona msafara unapita shambani mwake au unakwenda kwa fujo, asiweke mawe wala magogo njiani, kwani hayo huweza kuua. Na aitazame namba ya chombo, akumbuke saa, kisha apeleke habari kwa sheha wake au kituo cha polisi kilicho karibu.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko ni kwa wote wawili: mgeni arejee kwao salama, na mwenyeji abaki na shamba lake, kisima chake na watoto wake wazima.