Matokeo Hayapelekwi Chuoni, Yanavutwa

Mzazi wa Zagayu ambaye mwanawe amemaliza kidato cha sita, akisikia matokeo yametoka, huuliza kwanza: tunayapelekaje chuoni, na nani atagonga mhuri? Hayapelekwi. Mwombaji akijaza namba yake ya mtihani kwenye mfumo wa udahili wa chuo, alama huvutwa zenyewe kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Wa stashahada hutumia namba ya uhakiki ya NACTVET.

Basi mzigo wote uko kwenye namba. Ina vipande vitatu: kituo, mtahiniwa, mwaka. Herufi S huonyesha aliyefanya mtihani shuleni, P wa kujitegemea. Ukikosea tarakimu moja ya kipande cha kati, mfumo unaweza kukuletea, bila kugoma, matokeo ya aliyekaa dawati la pili. Soma jina linalotokea kabla ya kubonyeza lolote. Aliyerisiti naye ajaze namba zote, ya shule na ya kujitegemea. Krediti aliyoipata mara ya pili haionekani kwa namba ya mwanzo.

Marekani mambo ni mengine. Mtahiniwa wa SAT hutaja vyuo vya kutumiwa alama zake, na akimaliza nafasi za bure hulipia kila chuo kinachoongezeka. Kwetu unalipa ada ya maombi tu.

Kuvutwa kwa alama si kuchaguliwa. Kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, katika masomo yanayodaiwa na kozi husika. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwenye D mbili amefika. Mwenye C na E amefika pia. Mwenye D na E ana 3, ajipange upya. Waliomaliza 2014 na 2015 wana hesabu yao, maana madaraja yalibadilishwa miaka hiyo. Na kufikisha 4.0 hakumpi mtu udaktari: kozi zenye ushindani hudai zaidi.

Tangu 2017 maombi hupelekwa chuo kimoja kimoja, si TCU kama zamani. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Namba hiyo huja kwa simu, kwa hiyo usijaze simu ya mwenye steshenari ya Bariadi mjini, jaza yako.

Angalieni na majina. Masanja wa cheti cha kuzaliwa asiwe Massanja wa kidato cha nne, kwani Bodi ya Mikopo nayo humtambua mwombaji kwa namba ya kidato cha nne na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA.