Gari kuukuu likigoma kuwaka, sikiliza kwanza kabla ya kununua vipuri

GARI lililokufa kabisa halimsumbui sana fundi. Hugeuza ufunguo, akaona halina uhai, akaanza kutafuta hitilafu na hatimaye akaipata, maana hitilafu yenyewe ipo pale pale, haiendi kokote. Linalowatoa watu jasho ni lile gari la miaka mingi ambalo Jumatatu hukataa kuwaka, Jumanne likawaka kwa mguso mmoja, na siku ya kupelekwa gereji likanguruma kana kwamba limetoka kiwandani jana. Fundi hulitazama gari, akamtazama mwenyewe, kisha akasema: "Mzee, hili gari halina kitu."

Nasema haya kwa uchungu. Nina saluni ya Kijapani iliyoundwa mwaka wa 1991, nayo ilinifanyia vituko hivyo kwa takriban miezi mitano. Mara ya kwanza niliambiwa betri imechoka, nikanunua mpya. Wiki mbili hazikupita, likagoma tena. Gereji moja ikang'oa stata na kuweka nyingine. Gereji ya pili ikabadilisha swichi ya ufunguo. Kila mara gari liliwaka vizuri kwa siku kadhaa, nami nikaamini kwamba ugonjwa umepata dawa. Kisha usiku mmoja wa Julai, jirani alinibishia mlango akiwa amembeba mwanawe aliyebanwa na pumu. Tuliingia garini, nikageuza ufunguo, pakasikika mlio mmoja tu chini ya boneti, "ka!", kisha kimya. Niligeuza mara sita. Teksi ilichukua karibu nusu saa kufika. Mtoto alitibiwa akapona, lakini dakika zile za kumsikiliza akipigania pumzi kwenye kiti cha nyuma sijazisahau.

Aliyelitibu gari hilo mwishowe ni mzee mmoja fundi wa umeme wa magari, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Hakuanza kwa kufungua chochote. Aliniuliza swali ambalo hakuna gereji iliyokuwa imeniuliza: "Linapogoma, unasikia nini?"

Swali hilo ndilo msingi wa kazi nzima. Kauli kwamba gari haliwaki hubeba magonjwa mawili yasiyohusiana. Ugonjwa wa kwanza ni pale stata inaposhindwa kuizungusha injini. Wa pili ni pale stata inapoizungusha vyema, lakini injini isishike moto. Wa kwanza ni wa umeme mwingi: betri, nyaya nene, swichi na stata yenyewe. Wa pili ni wa cheche na petroli. Anayebadilisha plagi ilhali injini haizunguki anamng'oa jino mgonjwa wa goti.

Tuanze na ule wa kwanza. Ukigeuza ufunguo ukasikia mlio wa harakaharaka kama wa cherehani, aghalabu betri haina nguvu ya kutosha au vichwa vyake havijashikwa sawasawa. Swichi ya sumaku iliyo kwenye stata hujifunga, nguvu ya betri ikashuka kwa kunyonywa, swichi ikaachia, kisha ikajifunga tena. Ukisikia mlio mmoja mzito, sumaku imefanya kazi yake, ila umeme mwingi haukuifikia mota ya stata, au uliifikia na mota ikashindwa. Kimya kikitanda kabisa huku taa za dashibodi ziking'aa, basi amri ya ufunguo haijafika kwenye stata. Hapo ndipo hukaguliwa swichi ya ufunguo, fyuzi na rilei. Katika magari ya otomatiki kuna pia swichi inayozuia injini kuwashwa gari likiwa kwenye gia, nayo huchakaa. Kanyaga breki, sogeza gia kutoka P hadi N, ujaribu tena. Likiwaka, umemnasa mhalifu bila kutoa hata senti moja.

Usiku kuna kipimo kingine rahisi. Washa taa za mbele, kisha ugeuze ufunguo huku ukizitazama. Zikififia hadi karibu kuzimika, shuku betri na viungo vyake. Zikibaki na mwangaza ule ule, umeme haujaondoka kwenda kwenye stata.

Mwenye gari kuukuu anafaa awe na kipima umeme kidogo cha tarakimu, kile kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei isiyotisha. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa huonyesha takriban volti 12.6. Ikionyesha 12.0 imekaribia kuwa tupu, hata kama redio inaimba na taa zinawaka. Stata inapozunguka, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Injini ikishawaka, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.4, kisipopanda, huenda alternata haichaji, na betri mpya utakayoinunua itakufa kama ile ya kwanza. Wakazi wa Limuru na Nyahururu hulaumu baridi ya Julai, na hawajakosea, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu za betri na kuifanya oili iwe nzito. Hata hivyo, kinachoila betri ndani kwa ndani ni joto. Betri huugulia Mombasa ikafia Limuru.

Betri yangu ilipita mitihani hiyo yote. Ndipo mzee yule alipoweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa cha hasi cha betri, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akaniamuru niwashe. Gari liliwaka. Akaniambia nizime, niwashe tena. Mara ya nne likagoma, na kipimo kikaonyesha zaidi ya volti nne. Kwa kawaida hapo panafaa pasomeke chini ya nusu volti, kwa sababu betri na injini zimeunganishwa kwa waya mnene mweusi ambao haupaswi kuuzuia umeme. Wangu ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani pale unapofungwa kwenye injini, chini ya tabaka la oili na vumbi.

Kwa nini basi taa ziliwaka bila shida? Taa na redio hutumia umeme mchache, hata waya uliooza huupitisha. Stata huhitaji ampea mia moja na zaidi kwa mkupuo. Kizuizi kidogo mno, sehemu ya mia moja tu ya omu, hula volti moja na nusu umeme wa ampea 150 unapopita. Na kwa nini gari lilipona kila lilipotoka gereji? Hapa ndipo nilipocheka, japo kwa hasira. Kila aliyebadilisha kipuri alizitikisa nyaya, na mtikisiko huo ukakwangua kutu kidogo, chuma kikagusana na chuma kwa siku chache. Mafundi walilipwa kwa kutikisa waya.

Hata ile hukumu ya kwanza kwamba betri imechoka ilitokana na mtego uo huo. Dereva mmoja aliniazima moto wa gari lake, akaufunga waya mweusi kwenye chuma cha injini yangu, gari likawaka papo hapo. Tukaamini kwamba betri ndiyo mbovu. Kumbe waya wake uliziba pengo la wangu.

Kufunga waya namna hiyo, hata hivyo, ndiko kunakotakiwa. Wekundu hutangulia kwenye kichwa cha chanya cha betri dhaifu, kisha kwenye chanya cha betri nzima. Mweusi huanzia kwenye hasi cha betri nzima, na ncha ya mwisho hufungwa kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ya kiungo cha mwisho inaweza kuilipua na kumrushia mtu asidi usoni. Wanaolisukuma gari nao wakumbuke kwamba mbinu hiyo, kwa gia ya pili, ni ya magari ya klachi pekee, na kwamba injini ikiwa imezimika breki huwa ngumu kukanyaga. Mteremko wenye watu si mahali pa kujaribia.

Stata yenyewe pia hulaumiwa kwa jumla ilhali kosa ni la sehemu ndogo. Katika stata nyingi za magari ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990, vipande vya shaba vilivyo ndani ya swichi ya sumaku huliwa pole pole na cheche. Mwanzoni gari hugoma mara moja kwa wiki, baadaye mara moja kwa siku, kila mara kwa mlio ule mmoja. Fundi mwaminifu hubadilisha vipande hivyo tu. Asiye mwaminifu atakutuma Barabara ya Kirinyaga ukatafute stata nzima. Stata ikiamka baada ya kugongwa taratibu kwa mpini wa nyundo, ujue brashi au shaba zake zinaaga. Usilifanye hilo kuwa desturi.

Jambo jingine ambalo wengi husahau kumwambia fundi ni swichi za siri. Wizi wa magari ulipowatia watu hofu, wengi waliwekewa swichi iliyofichwa chini ya kiti au ving'ora vilivyokata waya wa stata au wa pampu na kuuunga upya kwa utepe. Gari likauzwa, likauzwa tena, na mmiliki wa tatu hajui kama kitu hicho kipo. Kiungo cha utepe kikilegea, gari hugoma barabara mbaya na kupona kwenye lami.

Sasa ule ugonjwa wa pili, injini inayozunguka bila kushika moto. Cha kuuliza hapa ni kama gari hugoma likiwa baridi au likiwa na joto. Likiwaka asubuhi, likakataa baada ya kuegeshwa juani kwa dakika ishirini, kisha likakubali likipoa, tafuta kifaa kinachoharibiwa na joto: koili, kifaa cha cheche kilicho kwenye distributa, au rilei. Magari ya Honda ya miaka hiyo yanajulikana kwa rilei kuu ambayo risasi ya viungo vyake hupasuka. Joto likizidi, pampu ya petroli hunyimwa umeme. Geuza ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha, usikilize upande wa tangi. Katika magari mengi ya pampu ya umeme, mvumo hafifu husikika kwa sekunde mbili hivi. Usiposikika siku linapogoma, na siku nyingine husikika, umepata pa kuanzia. Gari la kabureta likinuka petroli baada ya kujaribiwa mara nyingi, injini imelowa: kanyaga mafuta hadi mwisho, uushikilie mguu hapo huku stata ikizunguka, usipampu.

Waya wangu mpya uligharimu chini ya bei ya mlo wa mchana wa watu wawili. Stata ya zamani niliihifadhi stoo, na siku moja nikampelekea mzee yule. Aliikanyaga kwa mguu mmoja ili isiruke, akaiunganisha na betri iliyokuwa chini ya meza, nayo ikazunguka mara ya kwanza.